Banda la Kungojea

Siku mliponiaga ofisini nilipostaafu, mlisema maneno mazuri mengi, mengine mazuri kiasi kwamba niligeuka kuangalia kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Baada ya keki, Neema alinivuta pembeni akaniuliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeuliza: "Mama Kaaya, hivi zamani mlijuaje kama banda litafaa kabla hamjalijenga?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu watu walikuwa wanasubiri kupiga picha. Hapa namjibu kwa kirefu, na ninyi wengine msome mkipata nafasi.

Nilianza kazi nikitokea kwetu mlimani, juu ya Tengeru, nikiwa na cheti cha uchoraji ramani na viatu vya dada yangu. Ofisi ya Mzee Lyimo ilikuwa Sakina, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Chini yetu mafundi waligonga bodi za mabasi tangu asubuhi, na mpaka leo nikikaa mahali pakimya sana naona kama kazi haijaanza. Mzee Lyimo, mtu wa Machame, alikuwa msanifu majengo wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaninyooshea wembe.

Tulichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba inayopitisha nuru. Mstari uliokosewa haukufutika. Uliukwangua taratibu kwa ncha ya wembe, ukiomba Mungu karatasi isitoboke. Wiki nzima nilikwangua makosa ya watu wengine. Ni mwanzo mzuri wa kazi, maana unajua mapema watu hukosea wapi. Mara nyingi ni kwenye ngazi na kwenye milango ya vyoo.

Ofisi nyingine mjini zilikimbilia hoteli na mabenki. Sisi tulipata mabanda: banda la maonyesho ya kilimo, la kupumzikia watalii, la kwaya kufanyia mazoezi, la kuuzia maua. Wenzetu waliona ni kazi ndogo. Mzee Lyimo hakuona hivyo. "Nyumba ina kuta, unaweza kujificha nyuma yake," aliniambia. "Banda ni paa na nguzo. Ulichokosea kinaonekana tangu barabarani."

Kila banda alilitengenezea kwanza modeli ya maboksi ya viatu. Njiti ya kiberiti ilikuwa mtu. Modeli ikikauka gundi aliitoa uani, akaishika juani, akaiinamisha na kuizungusha ili kivuli kianguke kama kitakavyoanguka asubuhi, kisha mchana, kisha alasiri. Mvua aliinyeshea kwa kopo lililotobolewa matundu. Upepo aliupuliza kwa mdomo, na mafundi wa chini waliacha nyundo zao kumtazama. Kwa hiyo jibu lako, Neema, ni hili: nusu tulijua, na nusu nyingine tuliiongezea nguzo.

Kompyuta ya kwanza ilipofika, katibu muhtasi aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya baba mkwe. Mzee aliizunguka mara moja, akasema, "Anaeli, wewe ndiye kijana, shughulika nayo." Wakati huo nilikuwa na watoto wawili na mgongo ulishaanza kuuma. Nikashughulika nayo. Umeme ulipokatika kabla hujahifadhi, kazi ya asubuhi nzima ilikwenda na maji. Nililia mara moja tu. Baada ya hapo kidole changu kilijifunza kuhifadhi chenyewe, na sasa nakiona kinatafuta kitufe hicho hata ninapowaandikia wajukuu ujumbe kwenye simu.

Zilikuja programu za pande tatu, halafu zile zinazopima jua, joto na upepo. Wenzangu walistaajabu kuona kivuli kikitembea kwenye kioo cha kompyuta. Mimi sikustaajabu sana, kwa kuwa nilikuwa nimemwona Mzee akifanya hivyohivyo uani kwa boksi la viatu. Kilichonishika ni upepo. Kwenye kioo ulionekana kama mishale, ya bluu panapotulia, nyekundu panaposukuma. Kitu nilichokuwa nikikisikia tu maisha yangu yote kilikuwa kimepewa rangi.

Banda la kwanza nililolipima hivyo lilikuwa Momela, kibanda cha wageni kukaa na kutazama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ziwani. Niliiingizia kompyuta upepo wa uwanja wa ndege, kwa sababu ndizo takwimu nilizokuwa nazo, nayo ikanipa picha safi, bluu tupu. Picha ile ilikuwa nzuri mno, nikaingiwa na wasiwasi. Uwanja wa ndege hauna ziwa wala mlima kisogoni. Kabla hatujachimba shimo hata moja, nilisimika fito pale ziwani, nikazifunga vipande vya khanga chakavu, nikawa naenda kuvitazama. Jioni vilipeperukia upande ambao kompyuta haikuutaja kabisa, maana upepo ulikuwa unateremka kutoka mlimani. Tulikigeuza kibanda kwenye modeli, tukakijenga hivyo. Tangu hapo sijawahi kupima banda bila kwenda kwanza na fito na khanga, na najua wengine wenu mlikuwa mnanicheka.

Sasa niwasimulie kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote. Hospitali moja ya kanisa, huku kwenye mteremko wa Meru, ilitaka banda la kungojea kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa. Siku hizo walikuwa wakikaa chini ya paa la zamani la bati kando ya jiko, au kwenye nyasi. Mzee Lyimo alikuwa anakaribia kuacha kazi. Macho yake yalikuwa yamepungua, akawa anachora kwa penseli nene, lakini mkono haukutetemeka. Alisema hilo litakuwa banda lake la mwisho, akalichora peke yake.

Lilikuwa paa la mabawa mawili yaliyoinuka. Lilifunguka upande wa bondeni, ili mtu anayengojea aone migomba na mashamba ya kahawa mpaka chini kabisa, na siku ya anga safi aione na Kilimanjaro. Alilipaka rangi za maji. Kamati ya hospitali iliipenda picha ile ikaitundika ofisini kwa matroni.

Kazi yangu ilikuwa kuligeuza kuwa modeli na kulipima. Nilianza na jua, likakaa vizuri. Kisha nikaingiza upepo. Nilikuwa nimekwisha kusimika fito zangu pale, kwa hiyo nilijua kwamba alasiri upepo unapanda kutoka bondeni. Paa lile lilikuwa limeupanulia mdomo. Chini ya mabawa palikuwa pekundu kote, na mvua iliyokuja na upepo huo ilifika mpaka benchi la mwisho. Nilidhani nimekosea kuingiza vipimo. Nikarudia, ikatoka vilevile.

Mhandisi wetu aliangalia, akasema, "Tutaongeza chuma, tutaweka msingi mzito. Halitang'oka."

"Na watu watalowa?"

"Hilo si langu," alisema, na kweli halikuwa lake.

Kwa hiyo njia ya kunyamaza ilikuwepo, tena halali kabisa. Banda lingesimama. Mzee angeagwa kwa makofi, na ndugu wa wagonjwa wangelowa kama walivyozoea. Niliifikiria njia hiyo kwa siku kadhaa, nisiwadanganye. Mtu huyo ndiye aliyenifundisha kushika penseli. Mwishowe nilichukua kompyuta nikaenda nyumbani kwake.

Mkewe, Mama Aikande, alinipokea, akaenda kuleta chai. Mzee aliinamia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa, akaitazama mishale myekundu kwa muda mrefu.

"Umemwonyesha nani mwingine?"

"Mhandisi tu."

"Akasemaje?"

"Kwamba tunaweza kuongeza chuma."

"Basi ongezeni chuma."

"Mzee, mvua itaingia mpaka..."

"Anaeli." Alivua miwani akaiweka mezani. "Hiyo mashine yako imewahi kungojea mgonjwa?"

Niliivuta kompyuta kwangu kidogo.

"Mimi nimengoja pale," alisema. "Siku alipozaliwa Aikande. Huyu mama yake alikuwa ndani, hali mbaya, na mimi nilikaa nikitazama ukuta wa jiko tangu asubuhi mpaka jioni. Naujua ule ukuta, nyufa zake zote. Nilisema siku moja nikipata nafasi nitawapa watu kitu cha kutazama. Sasa nimeipata nafasi, na wewe unaniletea mishale."

Mama Aikande alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alimimina chai, na hakuna aliyeinywa.

Nilitoka nimeudhika. Barabarani hasira ilipungua, likabaki swali lake. Kompyuta haikuwahi kungojea mgonjwa pale, na mimi pia sikuwahi. Nilikuwa nimekwenda na kofia ngumu kichwani, nikapima, nikaondoka. Basi nikaamua kwenda kukaa kama wanavyokaa wengine, bila kofia na bila tepu ya kupimia.

Ilikuwa msimu wa masika. Nilikaa chini ya lile bati la kando ya jiko, kwenye benchi, karibu na kijana mmoja aitwaye Baraka, dereva wa bodaboda kutoka Sombetini. Mkewe alikuwa wodi ya wazazi na walikuwa wameambiwa huenda akapasuliwa. Kila mara alisimama, akaenda mpaka kwenye nyasi, akarudi.

"Mbona hukai ukatulia, baba?" nilimwuliza.

"Kutoka hapa mlango siuoni, mama. Nesi akitoka kuita, nitajuaje?"

"Mandhari ya huku bondeni je? Si nzuri?"

Aligeuka kuitazama, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nzuri," alisema kwa adabu, akageukia tena upande wa wodi.

Mvua ilipoanza, watu wote waliokuwa kwenye nyasi walikimbilia chini ya bati. Ninyi mmekulia kwenye nyumba za bati, mnajua. Mvua ya masika ikipiga bati lisilo na dari, mtu aliye begani kwako unamwona midomo tu. Tulikaa hivyo, tumebanana, kila mtu peke yake. Baadaye mvua ilipopungua kidogo nikaona nesi anakuja mbio, mwavuli umepinduka, akipaza sauti: "Baraka! Nani ni Baraka?"

Kijana aliruka akakimbia. Nilimwona anafika mlangoni, nikaona nesi anamwonyesha kwa mkono kwamba wameshaingia. Alisimama pale kwenye matone, mikono kichwani.

Aliporudi alikuwa ameloa chapachapa. "Nimeitwa muda mrefu," aliniambia. "Walikuwa wanampeleka chumba cha upasuaji, akasema hataki kwenda mpaka anione. Wamengoja wameshindwa. Ilibidi waende."

Hakulia. Nikampa khanga yangu ajifute. Tulikaa. Nilijikuta naomba kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua hata jina, na nilipoinua macho nikawa natazama ukuta wa jiko. Mzee alikuwa amesema kweli, nyufa zake unaweza kuzikariri.

Jioni waliitwa wengine wawili, kisha akaitwa yeye, na safari hii mvua ilikuwa imekatika akasikia. Alirudi anatembea polepole kama mtu aliyebeba ndoo kichwani.

"Ni wa kike," alisema. "Wote wazima. Mama yake ameamka, kitu cha kwanza ameniuliza nilikuwa wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nilikuwa chini ya bati." Akacheka, halafu ndipo akalia.

Kesho yake nilirudi kwa Mzee Lyimo bila kompyuta. Nilimsimulia kila kitu kama nilivyowasimulia ninyi. Alinisikiliza amefumba macho.

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Na mama?"

"Mzima."

Mama Aikande ndiye aliyesema, akiwa palepale mlangoni pake: "Na mimi nilikuita siku ile. Hukusikia." Alilisema taratibu, bila lawama, kama mtu anayetaja kuwa jana kulinyesha. Mzee alifumbua macho akamtazama. Sijui kama walishawahi kuzungumza habari hiyo. Nadhani hapana.

"Anaeli," alisema baadaye, "kesho uje na hiyo mashine yako. Na mimi nitakuja na penseli."

Kazi tuliyofanya baada ya hapo ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote maishani. Yeye alichora, mimi nikaingiza alichochora papo hapo, upepo ukapita, tukaona, akachora tena. Katika modeli niliweka macho ya mtu aliyekaa kwenye benchi, siyo ya ndege anayepita juu kama tunavyopenda kuwaonyesha wateja. Tukawa tunalishusha bawa la bondeni kidogo kidogo, mpaka tukapata mahali ambapo aliyekaa aliyaona mashamba vizuri na mvua haikumfikia. Bawa la upande wa wodi tuliliinua, ili kila benchi lione mlango. Kwenye kofia ya paa, pale juu mabawa yanapokutana, tuliacha mwanya mrefu, upepo ukiingia upate pa kutokea. Mishale myekundu ikafifia, ikabaki bluu yenye madoa machache.

Lilibaki suala la kelele. Nilikuwa nimerekodi mvua chini ya lile bati kwa simu yangu. Tulijaribu dari za aina mbalimbali kwenye programu ya sauti, na kilichofaa kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: mbao, na juu yake mikeka minene ya mkonge, ndipo bati. Mzee alifurahi mno kwamba jibu la kompyuta lilikuwa mkonge. Alilirudia kwa kila aliyepanda ngazi zetu.

Ikabaki kamati. Walikuwa wameipenda picha ya mabawa, na sasa tulikuwa tunawaletea paa lililopinda upande mmoja. Mwenyekiti, mchungaji, alitazama mchoro mpya, akatazama ule wa ukutani. "Mzee Lyimo," alisema, "hili la kwanza ni zuri zaidi."

"Ni zuri zaidi," Mzee alikubali. "Ila halifai."

Nikafungua kompyuta. Niliwasikilizisha kwanza mvua kama inavyosikika chini ya bati la sasa, na ndani yake sauti ya nesi akiita jina. Matroni, ambaye sauti ilikuwa yake kwa sababu nilimwomba anisaidie, alisema hasikii kitu. Kisha nikawasikilizisha mvua ileile kama ambavyo ingesikika chini ya dari yetu, na jina likasikika, dogo lakini kamili. Daktari mkuu, aliyekuwa akisoma simu yake tangu kikao kianze, aliiweka chini.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Wakapitisha.

Banda lilijengwa kiangazi. Mafundi walilalamika kuhusu mikeka ya mkonge, kwamba inawasha, na ni kweli inawasha. Masika yaliyofuata nilikwenda na Mzee, nikiwa nimemshika mkono kwa sababu alikuwa haoni vizuri tena. Tulikaa benchi la mwisho, upande wa bondeni. Mvua ilikuja na upepo wake, kama ilivyo desturi. Nilitazama miguu ya waliokaa pembezoni, ilikuwa mikavu. Nesi alitoka mlangoni akaita jina la mwanamke fulani, wala hakupiga kelele. Mama mmoja katikati ya watu aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda.

Mzee aliuliza, "Ameitwa mtu?"

"Ameitwa, na amekwenda."

"Nilisikia," alisema. "Nilitaka tu kuhakikisha." Kisha akaniomba nimweleze mashamba yanaonekanaje, nami nikamweleza.

Amekwishatangulia mbele ya haki, na banda bado lipo, na watu wa hospitali wanalifagia vizuri. Baada ya hilo nilibuni mengine mengi, makubwa kuliko hilo, na kompyuta zikawa na akili hata kunipita. Leo mnachora kwa asubuhi moja kilichotuchukua mwezi. Msione haya kwa hilo, ni jambo jema. Nawaomba tu, muda mnaouokoa msiutumie wote kuchora banda jingine. Sehemu yake mwende mkakae kwenye benchi, mahali penyewe, siku mbaya.

Mimi sasa nimerudi mlimani kwetu. Nilidhani nitapumzika. Juzi jirani yangu alikuja ananiuliza kama ninaweza kumchorea banda la kuku, kitu kidogo tu, aonyeshe fundi. Nilimkaribisha kiti, nikafungua kompyuta, nikamwuliza kwake upepo wa jioni unatoka wapi.

"Mama Kaaya," alisema, "ni kuku tu."

"Najua," nilimwambia. "Na huwa wanapenda kulala wametazama wapi?"

Hakujua. Tukavaa viatu, tukaenda kuwaangalia.